Yah: Ombi la Kiti Kutoka Nje

Nchi nitakayoisimulia haipo. Nalisema mapema, tena kwa sauti, ili na yule aliyesimama nje ya dirisha asikie vizuri na asipate taabu ya kuinama. Nchi hiyo inaitwa Kule. Ukimwuliza mwenyeji yeyote nchi yake iko wapi, atanyoosha kidole ng'ambo ya milima, hata kama amesimama katikati yake. Mimi niliishi huko, kama mtu anavyoweza kuishi mahali pasipokuwapo. Ukisikia humu jambo linalofanana na la mtaani kwenu, basi ni bahati mbaya tu.

Mkuu wa nchi ya Kule haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Kiti. Jambo hili lilianzia bungeni, ambako spika alikuwa akiitwa Kiti, kama ilivyo desturi ya mabunge. Spika yule akalipenda jina, akapenda na mengine, na siku alipohamia ikulu alihama nalo. Basi redio zikazoea kutangaza: Kiti kimesema, Kiti kimesafiri, Kiti kina mafua na taifa zima likiombee.

Ikatungwa sheria ya kulinda jina hilo. Kitu kingine chochote chenye miguu minne na mahali pa kukalia kikaamriwa kiitwe kikalio. Maseremala walipata shida kidogo. Mmoja wao, ambaye hakukaa sana shuleni, alichora bango mbele ya duka lake: MAKALIO IMARA YA MNINGA, KARIBU UJARIBU. Polisi walifika, wakalisoma mara mbili, wakaona halimtaji Kiti popote, wakaondoka wakicheka.

Sheria hiyo niliijua kuliko watu wengi. Nilikuwa Mwandishi Daraja la Pili katika Idara ya Pongezi, na kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kumpongeza Kiti kwa niaba ya wasiojua kuandika. Niliandika kwa niaba ya wilaya, kwa niaba ya wavuvi wa dagaa, na mwaka mmoja wa uhaba wa pongezi niliandika kwa niaba ya ziwa. Kwa hiyo nitakaposema kwamba nilikosea neno, msidhani nilikosea kwa ujinga. Nilikosea kwa kuwa nilikuwa nyumbani, na nyumbani mtu husahau kuogopa.

* * *

Nyumbani nilikuwa na mama yangu, Bi Shemsa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa lori la kifusi la Idara ya Barabara, lori la tani saba, na hakuwahi kugonga kiumbe isipokuwa jogoo mmoja ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "alikuwa amechoka na maisha." Lori lile lilimtikisa mpaka uti wa mgongo ukasalimu amri. Miguu ikafa ganzi, akapewa kiti cha magurudumu. Mikono yake ilibaki ile ile ya usukani. Akikushika mkono kukusalimu, unakumbuka makosa yako yote.

Tulikaa ghorofa ya chini ya Nyumba za Watumishi, mlango wa nne. Ukitoka mlangoni kuna ngazi tatu. Ukishuka ngazi kuna nafasi ya maegesho namba nne, ambayo nilikodishwa pamoja na nyumba ingawa sina gari. Kule, mtumishi hapimwi kwa gari, hupimwa kwa nafasi ya gari. Jengo letu lilikuwa na nafasi kumi na mbili na halikuwa na gari hata moja. Na kwa kuwa mkataba ulikataza nafasi kubaki tupu saa za kazi, kila mpangaji aliweka alichonacho: huyu baiskeli, yule kabati bovu, na jirani yangu Tindwa, fundi wa mafriji, alifunga mbuzi. Baada ya nafasi hiyo kuna ukingo wa zege unaofika magotini, halafu barabara. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha kahawa wanakokutana madereva wastaafu kucheza karata.

Mama alikuwa akiwasikia wakicheka. Mlango ukiwa wazi, alimjua kila mmoja kwa kicheko chake. Jumamosi mimi na Tindwa tulimbeba, mmoja kwapani, mwingine miguuni, tukamvusha mpaka kwa wenzake. Jumamosi moja Tindwa aliteleza kwenye ukingo. Mama hakuumia, ila kanga ilimvuka, akabaki ananing'inia mikononi mwetu hivyo hivyo mbele ya wanaume aliowahi kuwa kiongozi wao wa msafara. Nao, kwa heshima, wakageuza nyuso zote kwa pamoja. Nadhani kule kugeuka ndiko kulikomuumiza zaidi.

Tulipomrudisha ndani, aliniita.

"Hamduni, mwanangu. Sibebwi tena. Mimi si gunia la mkaa. Wekeni njia ya zege pale, mteremko wa hatua tatu nne, nitashuka mwenyewe na kupanda mwenyewe. Mkishindwa, nitakaa humu humu mpaka nitolewe kwa jeneza, na hapo mtanibeba mtakavyo."

Nikamwahidi. Mfuko mmoja wa saruji na siku moja ya Tindwa, mambo yamekwisha. Lakini mkataba wa maegesho ulikuwa na kifungu cha kumi na tisa, kisemacho: Mpangaji hatabadilisha umbo, rangi, harufu wala nia ya nafasi aliyokodishwa, bila kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Maegesho.

Ilinipasa niandike barua. Nilikaa mezani, mama kando yangu, nikaanza kama nilivyozoea: Kwa unyenyekevu usio na kifani, na huku nikitetemeka kwa furaha. Mama akanipiga kofi dogo la bega.

"Acha mapambo ya ofisini kwenu. Andika kama mtu. Andika: naomba kuvunja ukingo na ngazi ili kiti kipate kutoka nje. Basi. Nani asiyeelewa hapo?"

Nikaandika hivyo. Juu yake, kwa herufi kubwa, nikaweka: YAH: OMBI LA KUBADILISHA MAEGESHO NAMBA 4 ILI KITI KITOKE NJE. Nikapiga mstari chini, nikaisoma mbele ya mama, tukaona imekaa vizuri.

* * *

Mamlaka ya Taifa ya Maegesho ina jengo la ghorofa tisa ambalo halina mahali pa kuegesha. Niliitwa huko siku ya tisa, jambo lililonifurahisha, kwa sababu watu wengine husubiri miaka.

Nilipokewa na Bwana Mtengeti, Mkurugenzi Msaidizi wa Nafasi Zilizo Wazi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mihuri mitatu mezani: mmoja wa kukubali, mmoja wa kukataa, na mmoja wa kutafakari. Ule wa kutafakari ulikuwa umelika mpaka kwenye mti. Pembeni alikaa karani aliyeandika kila tulichosema.

"Ndugu Hamduni, barua hii ni yako?"

"Ni yangu, mkuu."

"Unaomba kiti kitoke."

"Ndiyo, mkuu. Kimekaa ndani mno. Huu ni mwaka wa tatu."

Bwana Mtengeti akameza mate. "Hayo ni mawazo yako peke yako?"

"Hapana, mkuu, ni jengo zima. Majirani wote wananiambia si haki. Tindwa wa mlango wa tano amesema yuko tayari hata kuvunja kwa nyundo, Jumamosi yoyote nitakayomwambia."

Akainuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi ukingoni mwa kikalio chake.

"Na hali ya kiti chenyewe unaionaje? Sema bila woga."

"Kimechoka, mkuu, nisikufiche. Kinapiga kelele nyingi bila kusogea. Ukikielekeza kushoto kinakwenda kulia. Breki hakina. Ingekuwa uwezo wangu ningetafuta kingine, lakini utakipata wapi? Tunavumilia tu."

Karani aliweka kalamu chini, akatazama ukuta kama mtu aliyekumbuka kwamba ana watoto.

"Kikishatoka," Bwana Mtengeti akanong'ona, "nani atakikalia?"

"Mama yangu. Nani mwingine? Ana uzoefu. Alishika usukani wa serikali miaka ishirini na sita."

Nami, nikidhani wameguswa na habari za mama, nikainua macho nitabasamu. Macho yakakutana na picha ukutani. Kiti kilikuwa kinanitazama, kikiwa na nishani zake kumi na saba. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu yote tangu mwanzo, moja baada ya jingine. Jasho likanitoka mpaka nyuma ya magoti.

"Mkuu! Kikalio! Nilikusudia kikalio! Ni kikalio cha mama ndicho..."

"Usinitukanie ofisini, ndugu!"

"Cha magurudumu, mkuu! Mama hatembei! Kikalio cha magurudumu!"

Bwana Mtengeti akaishika barua kwa ncha mbili za vidole, kama nepi. "Mwandishi wa Idara ya Pongezi," alisema polepole. "Mtu aliyelisemea ziwa. Huyo ndiye aliyekosea neno hili? Kuna watu wako ndani kwa kuliandika neno hili ukutani, ndugu yangu, tena kwa mkaa. Wewe umeliandika kwa herufi kubwa ukalipigia na mstari."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye hadithi, na ningeweza kuparuka mkaendelea kuniona mtu mwema. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenionyesha pingu. Kulikuwa na chai mezani, na biskuti. Nami nikafungua mdomo nikasema:

"Si maneno yangu, mkuu. Aliyasema mama. Mimi niliandika tu."

Na kweli aliyasema. Huo ndio ubaya wake. Ningesema uongo, leo ningekuwa na uongo mmoja wa kutubu. Nilisema kweli, na kweli ile inaniwasha mpaka leo.

* * *

Msimdhanie vibaya Bwana Mtengeti. Alimtuma karani akalete maji, ingawa maji yalikuwapo, na tulipobaki wawili akainamisha kichwa.

"Nisikilize. Barua imeingizwa kwenye daftari, haiwezi kutoka. Imetamkwa na mama yako, na mama yako lazima ahojiwe. Wanaohoji si sisi, ni wale wa jengo lisilo na namba. Huko hakuna ngazi, ni korongo tu." Akasita. "Ila kuna njia. Kisheria, kilichomo kwenye nafasi ya maegesho ni chombo. Chombo hakina kauli. Chombo hakishtakiwi, hakihojiwi, hakina uchochezi. Kama aliyetamka maneno haya ni chombo kilichosajiliwa nafasi namba nne, basi haya si maneno. Ni kelele za injini."

"Mama yangu ni mtu, mkuu."

"Mimi pia nina mama," alisema, na nilipomtazama alitazama kando. "Yeye ni pikipiki."

Akafungua droo akatoa Fomu ya Kutambua Chombo. Tuliijaza pamoja, naye alikuwa na subira. Jina la mmiliki: Hamduni. Umri wa chombo: miaka sitini na nane. Rangi: maji ya kunde. Magurudumu: manne. Hali: kibovu, hakitembei. Mahali pa maelezo ya ziada tuliandika: Injini ikipata moto hutoa sauti zinazofanana na maneno. Maneno hayo ya mwisho niliyatunga mimi. Yeye alikwama, nami nikasaidia, na wakati naandika nilijisikia kama fundi anayesifiwa. Nikatia sahihi. Kalamu haikugoma.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa mlangoni.

"Enhe? Wamesemaje?"

"Watakuja kukagua Alhamisi, mama."

"Kukagua tu, au wana vikwazo?"

"Kukagua tu."

Alifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimemwona akifurahi tangu miguu imkatae. Jumatano nzima alifanya matayarisho. Alitia mafuta magurudumu kwa mkono wake, akakaza nati, akafuta vyuma mpaka vikang'aa. Akatoa gauni lake la sherehe ya kustaafu. "Mkaguzi akija," aliniambia, "unampokea na chombo kisafi. Hata kama breki hakina, asafishe macho yake kwanza." Alisema hivyo, chombo, kwa namna ya madereva, wala hakujua. Niliingia jikoni nikawasha jiko lisilo na sufuria, nikasimama hapo.

Aibu ni kitu cha ajabu. Nilidhani itanizuia kulala, lakini nililala. Nilidhani itanifanya niseme, lakini nilikaa kimya. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunifanya nimwepuke mama macho, na hiyo iliifanya vizuri.

* * *

Alhamisi asubuhi nilimbeba kumshusha ngazi. Alikubali kwa sababu, alisema, ilikuwa mara ya mwisho. Nikamweka kwenye kiti katikati ya nafasi namba nne, kati ya kabati la mlango wa tatu na mbuzi wa Tindwa. Majirani walitoka. Ng'ambo ya barabara, wastaafu waliacha karata, wakasimama na vikombe vyao vya kahawa kuona Bi Shemsa akipata haki yake.

Alikuja Bwana Mtengeti na karani wake, na pamoja nao Mkaguzi Mkuu, mwanamke mnene mwenye tochi na futi ya kupimia, aitwaye Bi Nakiete. Mama akawakunjulia uso.

"Karibuni, wanangu. Karibuni sana."

Bi Nakiete alifungua mdomo kumwamkia. Niliiona ile shikamoo ikifika mpaka kwenye meno. Kisha akakumbuka kwamba chombo hakiamkiwi, akaufunga, akaniuliza mimi:

"Kimepata moto?"

"Kidogo," nikajibu.

Mama akanitazama. Bi Nakiete akaanza kazi. Akapima urefu, akapima upana. Akalipiga gurudumu teke, akaandika. Akazunguka nyuma, akaja mbele, akamwinua mama kidevu kwa kidole kimoja na kummulika tochi machoni, kwanza la kulia, halafu la kushoto.

"Taa ya kushoto hafifu," alisema.

"Ni mtoto wa jicho," mama akasema.

"Injini," Bwana Mtengeti akamwambia karani haraka. "Andika ni injini."

Mama akamtazama karani akiandika. Alikuwa dereva miaka ishirini na sita, na ukaguzi wa chombo aliujua kuliko wote waliokuwa pale. Alianza kuifuata ile fomu kwa macho, kipengele kwa kipengele, akijua swali linalofuata kabla halijaulizwa. Umri wa chombo. Rangi. Mmiliki.

"Mmiliki nani?"

"Mimi," nikasema.

Hakuwa na haja ya kuuliza kitu. Mkono wake uliacha gurudumu ukalala mapajani. Ng'ambo, mmoja wa wastaafu alikuwa amecheka mwanzoni akidhani ni utani. Sasa hakucheka mtu.

"Honi?" akauliza Bi Nakiete.

Nilikuwa nimesahau honi.

"Honi ifanye kazi," alisema. "Chombo kinaweza kuwa kibovu, kinaweza kuwa hakitembei, lakini bila honi hakipiti. Ndiyo sheria. Naandika kimeanguka?"

Bwana Mtengeti akaniinamia sikioni, lakini alikuwa mtu asiyejua kunong'ona. "Kikianguka, barua inarudi kuwa barua. Wanakuja kuwachukua. Yeye aliyesema, na wewe uliyeandika."

Mama alisikia. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira, nimeizoea tangu utoto na najua pa kujificha. Alinitazama kama anavyotazama mtu barabara mvua imeikata, akipima kama lori litapita. Kisha akaweka mikono yake yote miwili kwenye magurudumu, akanyoosha mgongo ndani ya gauni lake la kustaafu, akatazama mbele.

"Pii," akasema.

Bi Nakiete akatia tiki.

* * *

Kibali kilitoka wiki ile ile. Kule, jambo likishapoteza maana hupata kasi. Mteremko ukajengwa na Mamlaka yenyewe, ukapewa reli za chuma na kibao cha marumaru: MTEREMKO WA MTUKUFU KITI. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi Mkuu alikata utepe na kuhutubia.

"Wapo wanaobeza," alisema, "wapo wanaouliza nchi inakwenda wapi. Leo waje hapa, waone kwa macho yao. Nchi yetu iko kwenye mteremko! Imeshaanza kushuka, na hakuna wa kuisimamisha!"

Tulipiga makofi mpaka mbuzi wa Tindwa akakata kamba. Hotuba niliiandika mimi.

Kibali kilikuwa na masharti mawili kwa maandishi madogo. Kwanza, chombo namba nne, kwa kuwa ni kibovu, kisitumie mteremko. Pili, chombo kibaki kwenye nafasi yake saa zote za kazi, na nafasi isikutwe tupu, kwani ikikutwa tupu mpangaji atahojiwa kuhusu mahali chombo kilipokwenda, kilikwenda kufanya nini, na kilisema nini huko.

Asubuhi baada ya ukaguzi nilikuwa nimemwamkia mama kama siku zote. "Shikamoo, mama." Nikasubiri. Nina miaka arobaini na mbili, na sikumbuki asubuhi ambayo nilimwamkia nikakosa marahaba, hata siku ile ya utotoni nilipovunja kioo cha lori lake. Alikuwa anatazama dirishani. Nikarudia. Baadaye, chai ilipopoa, aligonga kikombe na kusema, "Pii." Nikaleta chai nyingine. Akitaka dirisha lifunguliwe, pii. Akitaka kanga yake, pii. Tindwa akija wanaongea vizuri, wanacheka, anamuuliza habari za mkewe. Mimi nikiingia, injini inazimwa.

Siku ya uzinduzi chombo kiliruhusiwa kubaki ndani mpaka wageni waondoke; walipoondoka, ilikuwa saa tisa mchana. Nilikuwa nimesimama katikati ya ule mteremko, nikiokota vipande vya utepe. Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa lile gauni. Ng'ambo, wastaafu walikuwa wanagawa karata.

"Mama," nikasema. "Nisamehe. Niliogopa."

Ndiyo mara ya kwanza nilisema kitu ambacho hakikuandikwa na mtu, wala sikukipamba. Alikisikia chote. Nikaona uso wake ukilegea kidogo kwenye pembe za mdomo, nikadhani jina langu linakuja. Nilitaka kulisikia jina langu kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa daraja.

Akashika magurudumu.

"Pii," akasema.

Nilikuwa nimemzibia njia. Nikasogea. Akapita karibu nami mpaka gauni likanigusa mkono, akashuka mteremko taratibu, akilishika gurudumu kwa viganja kwa kuwa breki hakina. Alipofika barabarani alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mkono kuonyesha anakokwenda, akavuka. Hakuna aliyembeba. Wanaume wale walisimama wote. Mdogo wao, aliyewahi kuwa utingo wake, alivua kofia.

"Shikamoo, Bi Shemsa!"

"Marahaba, baba! Marahaba! Haya, nani anagawa? Na msiniibie, taa moja tu ndiyo hafifu!"

Nilimsikia vizuri kabisa. Sauti yake ilivuka barabara nzima.

Nilikuwa bado nimesimama nikisikiliza, nilipoona mwamvuli wa Bi Nakiete ukija kutoka jengo la pili. Alikuwa anapita nafasi moja moja na fomu zake, akihakikisha hakuna iliyo tupu. Akakagua baiskeli. Akakagua kabati. Mbele ya kabati ilikuwa nafasi namba nne, tupu kabisa, na ng'ambo ya barabara mama alikuwa anacheka na kushusha karata.

Nilikimbia nikasimama katikati ya nafasi. Nilijiambia ninamlinda mama, na huenda nusu yake ilikuwa kweli. Bi Nakiete akafika, akanitazama juu mpaka chini. Kisha akatazama ng'ambo, akaiona ile meza ya karata, akarudisha macho kwangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, na nadhani angekubali jibu lolote. Ningeweza kumwambia: mimi ni Hamduni, yule pale ni mama yangu, ameenda kucheza karata. Ni maneno machache, tena mepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

Alinipiga teke dogo la mguu, akafungua fomu.

"Honi?" akauliza.

Nikamjibu.

Akatia tiki, akaandika pembeni kwamba honi imeimarika, akaenda kumkagua mbuzi.